Chuma cha Kisu cha Kwanza

Katika kazi za mikono ni chache ziupimazo moyo wa mtu kama uhunzi. Mfinyanzi akikosea, udongo mbichi hurudi kuwa donge, naye huanza upya. Mshoni akikosea, uzi hufumuliwa na nguo hushonwa tena. Lakini kosa la mhunzi laweza kutoka katika kiwanda chake limevaa sura ya kazi njema, likauzwa, likatiwa mkononi mwa mtu asiye na habari, likakaa kimya miezi mingi, na siku ya haja ndipo linaposema. Kwa sababu hiyo swali ambalo kila mwanafunzi wa kazi hii huuliza mwanzo, yaani kisu changu cha kwanza nikifue kwa chuma gani, si swali la ufundi peke yake. Nataka kuonyesha katika insha hii kwamba ni swali la wema na ubaya vilevile, na kwamba jibu lake lawahusu hata watu wasiowahi kushika nyundo.

Lugha yetu ilitambua tofauti za vyuma zamani. Neno chuma ni jina la jamaa nzima. Pua, katika kamusi za kale, ni chuma kigumu kinachoshika makali. Siku hizi neno hilo limebaki zaidi katika chuma cha pua, tukijuacho kwa kutopata kutu upesi. Feleji ni pua bora, pua ya panga za watu wakubwa. Mtu aliyesema upanga wa feleji hakutaja silaha tu. Alitaja na nasaba yake. Tena tazama kitenzi chenyewe. Twafua nguo, twafua nazi, twafua chuma. Katika nguo twaondoa taka, katika nazi twaondoa makumbi, katika chuma twaondoa umbo la kwanza. Kote pana nguvu na jasho ili kilichomo kitokee. Lakini hakuna kufua kuwezako kutia ndani kile kisichokuwamo. Koroma haliwi nazi kwa sababu ya ustadi wa mfuaji.

Wala elimu ya kutambua kilichomo si ngeni katika nchi zetu. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, alitaja chuma cha pwani hii, machimbo ya upande wa Malindi, na chuma cha Sofala kilichopelekwa Bara Hindi na kutamaniwa na wafua panga wa huko. Katika Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wahunzi wa kale waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri zilizowekwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakapata chuma chenye kaboni ndani yake, yaani pua. Peter Schmidt na Donald Avery walieleza habari hiyo katika jarida la Science mwaka 1978, baada ya wazee wa huko kujenga tanuri tena kwa kumbukumbu zao. Wahunzi wale hawakuwa na neno kaboni. Walikuwa na kitu kilichowatosha: walijua jiwe lao limetoka kilima gani, makaa yao yametoka mti gani, na majani yao yametoka bwawa gani. Chuma chao kilikuwa na ukoo.

Mhunzi wa leo hayeyushi jiwe. Yeye hurithi chuma cha watu wengine: springi ya gari, nondo ya nyumba, tupa iliyokwisha meno, kipande cha reli, mhimili wa mashine. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, kwa maana vyuma hivi hufanana machoni na hutofautiana tabia. Kinachovitenga ni kiasi kidogo sana cha kaboni. Nondo nyingi za ujenzi zina sehemu zisizozidi 3 hivi za kaboni katika 1,000. Springi ya gari ina kadiri ya 6. Tupa njema ina 10 au zaidi. Nondo ukiipasha moto na kuizamisha, haikazi kiasi cha kushika makali ya kisu. Tupa hukaza sana, lakini asiyejua kuilegeza baadaye huipata imekuwa kama kioo. Springi hukaa katikati, na husamehe makosa mengi ya mkono mchanga. Jiwe la kunolea la kuzungusha husaidia kubagua: cheche za nondo huruka mistari mirefu yenye matawi machache, na cheche za tupa hupasuka nyota nyingi karibu na jiwe. Lakini cheche hutaja kabila tu. Hazitaji jina la mtu.

Nimeyajua haya kwa njia isiyonipendeza kuisimulia, ila insha ya maadili ifichayo kosa la mwandishi wake ni mahubiri tu. Nililelewa kwa sehemu katika Msimbati, kijiji cha rasi iliyo kati ya Ghuba ya Mnazi na bahari kuu, kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, karibu na pale mto wa Ruvuma unapomimina maji yake na nchi ya Msumbiji kuanza. Ni nchi ya minazi, mikorosho, mchanga mweupe na mikoko. Kila nyumba yahitaji kisu: cha kupasulia samaki, cha kukatia pweza, cha kung'olea chaza miambani, cha kuchongea mpini wa kasia. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mhunzi. Kiwanda chake kilikuwa banda la makuti lenye mivukuto miwili ya ngozi, makaa ya vifuu, na fuawe iliyokuwa kipande cha reli kilichosimamishwa katika gogo. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi nilikuwa mpwa, wala si mwana, lakini nilivukuta miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika nyundo.

Mwaka 1996, nikiwa na umri wa miaka 15, niliambiwa nitafute chuma cha kisu changu cha kwanza. Mjomba hakunichagulia. Alisema neno moja tu: "Niletee chuma unachokijua." Nilidhani amesema vibaya, kwamba alitaka kusema chuma kizuri. Nikatoka kutafuta chuma kizuri.

Kando ya njia iendayo Mtwara lilikuwapo lori lililoharibika siku ile. Karibu na gurudumu, mchangani, niliona pini nene, nzito, inayong'aa upande mmoja kama imepakwa fedha. Niliiokota. Nilijiambia kwamba kilichookotwa hakikuibwa, na kwamba chuma kizito na king'aacho namna ile hakina budi kuwa feleji. Hayo yalikuwa makosa mawili katika pumzi moja, nami sikuona hata moja. Mjomba alikuwa amesafiri kwenda Mikindani kwa mazishi. Sikumngoja. Niliwasha moto, nikaifua pini ile kwa siku mbili, nikaizamisha katika maji ya chumvi kwa kuwa niliona mlio wake ni wa kishujaa, nikainoa mpaka ikanyoa nywele za mkono. Kisha, kwa majivuno ya kijana, nikampa mama mdogo zawadi.

Mama mdogo alikitumia kisu kile kwa majuma matatu na kukisifu kwa kila jirani. Wakati wa bamvua, maji yalipotoka mbali, alikwenda miambani kung'oa chaza. Kisu kilikatika karibu na mpini, na kipande kilichobaki kikapita katika kiganja chake. Jeraha lilipona. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikukunjika tena mpaka alipofariki. Kila nilipokitazama alikuwa akisema, "Si kitu, mwanangu, chuma nacho huchoka." Alisema hivyo kunistiri, na stara yake ilikuwa nzito kwangu kuliko lawama.

Mjomba aliporudi alikiomba kile kipande. Alikitazama mahali kilipovunjika, ambapo punje za chuma zilikuwa kubwa na za kumeta kama sukari, badala ya kuwa laini kama majivu. Akauliza, "Hiki kilikuwa nini kabla ya kuwa kisu?" Nikajibu, "Sijui, Mjomba. Kilikuwa chuma kibaya." Akasema, "Hujui kilikuwa nini, na wajua kwamba kilikuwa kibaya? Pengine kilikuwa chema nawe ukakiunguza. Pengine kilikuwa chema, nawe hukukiunguza, ila ulikizamisha katika maji na chenyewe kilitaka mafuta. Pengine ulisahau kukilegeza baada ya kukikaza. Pengine kilikuwa na ufa tangu kilipokuwa garini. Haya manne, ni lipi?" Sikuwa na la kusema. Akaendelea, na maneno yale ndiyo asili ya insha hii: "Basi mama yako mdogo ameumia bure. Kosa lisilo na mwenyewe halimfundishi mtu."

Nimefikiri juu ya neno hilo karibu miaka thelathini. Kwa kawaida twasema kwamba mtu hujifunza kwa makosa, kana kwamba makosa ni walimu wanaoajiriwa kwa kukosea tu. Sivyo. Kosa hufundisha pale tu linapoweza kurudishwa kwa mwenyewe. Iwapo vitu vinne havijulikani, yaani chuma, moto, maji na mkono, basi kuharibika kwa kazi ni habari isiyosomeka. Mwanafunzi ataongeza moto ilhali moto haukuwa na hatia. Atabadili maji ilhali maji yalikuwa sawa. Au, na hili ndilo la kawaida, atakilaumu chuma, kwa sababu chuma ndicho kisichoweza kujitetea. Atafua visu kumi na atakuwa ametenda kosa moja mara kumi, akiliita bahati mbaya. Lakini mtu aliyeanza na chuma anachokijua amefunga mlango mmoja wa udhuru. Kisu kikivunjika hawezi kusema ni chuma. Hubaki yeye na kazi yake. Hali hiyo ni ngumu, lakini ndiyo mwanzo wa ufundi, na nadhani ndiyo mwanzo wa uungwana pia.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: chuma kimfaacho mwanafunzi ni kile ambacho habari zake zajulikana, tabia yake ni ya kawaida, na tena kipo cha kutosha kwa majaribio mengi. Ubora wa feleji usubiri, wala urahisi wa kuokota usiwe hoja. Baada ya msiba ule Mjomba alinunua springi moja ya lori kwa fundi wa magari aliyejuana naye, mbele ya macho yangu, kwa fedha iliyohesabiwa. Aliipitisha kidole chote kutafuta nyufa, kwa maana springi iliyobeba mizigo miaka mingi yaweza kuwa imechanika ndani. Akaikata vipande sita. "Vitano ni vya kuharibu," alisema, "na cha sita ni cha kisu."

Kipande cha kwanza tulikipasha moto mpaka sumaku ikaacha kukishika, jambo litokealo chuma kifikapo joto la digrii 770 hivi, tukapita hapo kidogo, tukakizamisha katika mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo. Tupa iliteleza juu yake isipate kuuma. Akanipa nyundo nikakipiga: kilivunjika kama kigae. "Sasa wajua," alisema, "kukaza peke yake si ukamilifu." Cha pili tulikikaza vilevile, kisha tukakilaza juu ya bamba la moto mpaka uso wake uliosuguliwa ukapata rangi ya majani makavu, hiki kilipinda kidogo kabla ya kuvunjika, na punje zake zilikuwa laini. Cha tatu tulikiacha mpaka kikawa samawati. Hakikuvunjika, lakini makali yake hayakudumu. "Samawati ni rangi ya springi," alisema, "nawe hutaki springi, maana springi unayo tayari." Cha nne tulikiunguza kwa makusudi, cha tano tulikizamisha katika maji ya bahari nikausikia mlio ule ule wa kishujaa, na nilipokitazama juani niliona ufa mwembamba kama unywele. Machozi yalinitoka. Mjomba hakuuliza kwa nini.

Kwa vipande vitano vya chuma kimoja nilijifunza nisiyoweza kujifunza kwa vipande mia vya vyuma mia. Cha sita kilikuwa kisu, kifupi, kisichopendeza, kinene mgongoni. Ninacho hata leo.

Yapo maneno ya kupinga, nayo yastahili heshima kwa kuwa yametoka kwa wahenga. Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba mchagua nazi hupata koroma. Kwa mithali hizi mtu aweza kusema kwamba kuchagua chuma ni kazi ya mvivu: fundi wa kweli huchukua chuma kilicho karibu na kuanza. Naona mithali hizi zasema kweli, ila zasema juu ya mtu mwingine. Zamkemea yule achaguaye ili asianze. Yuko mwanafunzi asomaye habari za vyuma mwaka mzima, ajuaye majina yao yote, abishanaye na wenziwe kama hiki kina kromi kiasi gani na kile kina manganisi kiasi gani, wala makaa yake hayajapata kuwaka. Huyo hakika atapata koroma. Tena yuko ndugu yake, atakaye chuma cha pua kisichopata kutu kwa kisu chake cha kwanza, kwa kuwa kinang'aa, asijue kwamba chuma hicho chahitaji moto mkali uliopimwa barabara, ambao jiko la makaa ya vifuu haliwezi kumpa. Kuchagua ninakokusifu mimi kwapimwa kwa jambo moja: kwamba huisha upesi na kuzaa kazi. Mkulima hachagui jembe, kweli. Lakini hapandi mbegu ambayo haijui.

La pili, husemwa kwamba kuchagua ni anasa ya wenye fedha, na maskini hutumia akipatacho. Hoja hii yaumiza zaidi, kwa sababu huko kwetu ndiko isemekako kwa haki. Lakini tazama gharama yenyewe ni nini. Kuuliza chuma hiki kimetoka wapi hakuna bei. Kukata kipande kidogo, kukikaza, kukivunja na kutazama punje zake, bei yake ni makaa ya asubuhi moja. Mtu mwenye fedha kisu chake kikivunjika hununua kingine, na mkono wake ukikatika hupelekwa hospitali kwa gari. Mama mdogo hakuwa na kisu cha pili wala mkono wa tatu. Kwa hiyo naona maskini ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kudai chuma kijulikanacho, na fundi wa maskini ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kukijua.

Kuna maana ya pili ya kukijua chuma, ambayo nilichelewa kuifahamu. Miezi kadhaa baada ya jeraha lile nilisikia watu wakisimulia, kwa kicheko, habari za utingo wa lori aliyepekua mchanga nusu ya siku akitafuta pini, dereva akimtukana. Sikucheka. Chuma kina asili mbili: kimefanywa na nini, na kilikuwa cha nani. Nilikuwa sikuuliza hata moja, nami naamini kwamba hazitengani. Mtu asiyejali chuma kilikuwa cha nani hatajali sana kitakuwa cha nani. Jambo hili limezidi kuwa zito tangu siku zile. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini mpaka ilipoanza kutumika mwaka 2006. Na mwaka 2015 bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika. Chuma kingi kimepita katika barabara ya rasi ile, na biashara ya vyuma chakavu imeenea nchi nzima. Katika biashara hiyo chuma hupimwa kwa kilo, na kilo haina kumbukumbu. Kingo ya daraja, bango la barabara na mfuniko wa shimo vyote huwa kilo. Mhunzi atakaye kuwa mwaminifu yampasa awe yeye kumbukumbu ambayo mizani haina.

Sasa niseme neno kwa wanafunzi na walimu wenzangu, ambao pengine wamesoma mpaka hapa wakijiuliza mhunzi ana nini nao. Kila mwaka hunijia kijana kutaka shauri juu ya mada ya utafiti wake wa kwanza. Mmoja ataka kuandika juu ya falsafa ya Mwafrika. Ni feleji hiyo, haina shaka. Wakubwa wameifua wakapata panga, na wengine wakapata majeraha. Mwingine ameokota mada kando ya njia, kwa kuwa iling'aa katika kitabu cha mtu, wala hajui imetoka katika ubishi gani na ya nani. Wote wawili nawaambia neno la Mjomba: niletee chuma unachokijua. Nenda kijijini kwenu ukaandike maana za kitenzi kufua kama zitumikavyo na bibi yako. Mada hii ni ndogo na haing'ai. Lakini ukikosea, mimi nawe tutajua kosa liko wapi: kama hukusikiliza, au hukuandika, au hukufikiri. Insha juu ya falsafa ya Mwafrika ikianguka, mwanafunzi husema mada ilikuwa ngumu, mwalimu husema mwanafunzi ni dhaifu, na wote wawili huondoka kama walivyokuja.

Lakini nisiivute mithali kupita urefu wake. Watu wengi hupenda kusema kwamba kijana ni chuma na mwalimu ni mhunzi. Nilipokuwa kijana nilisema hivyo. Siku hizi sisemi. Chuma hakina haki juu ya mhunzi: vipande vitano vyaweza kuharibiwa ili cha sita kifae, wala hapana dhuluma. Hakuna mwalimu mwenye ruhusa ya kuwaharibu watano. Tena chuma huchaguliwa, bali mwalimu hupokea waliokuja, na mzazi hupokea aliyezaliwa. Mtu katika nafsi yake ni chuma na mhunzi pamoja. Hakujichagulia nasaba, wala umaskini, wala lugha ya kwanza. Kile awezacho kukichagua ni kazi ya kwanza ambayo ndani yake atajijua. Ndiyo maana naipa kazi ya kwanza uzito mwingi: mtu huitumia kujipima, na kipimo kisichojulikana hakipimi.

Siku nilipomaliza kisu cha sita, nikiwa na ujasiri wa mtu aliyefaulu, nilimwuliza Mjomba swali lililokuwa likiniwasha. Kusini kwetu ilikuwako reli, iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ule ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake viking'olewa. Nikasema, "Mjomba, na fuawe yako? Ilikuwa ya nani?" Mivukuto ilinyamaza. Aliitazama fuawe kwa muda mrefu, akasema, "Niliirithi kwa fundi aliyenifundisha. Aliniambia aliinunua. Nilikuwa kijana kama wewe, nilitaka fuawe, sikuuliza zaidi. Alipokufa nikajua kwamba nimechelewa." Kisha akaongeza, "Kila kisu nilichokifua kimepita juu ya swali ambalo sikuuliza. Ndiyo sababu wewe nakulazimisha kuuliza."

Zamani nililiona jibu lile kuwa udhaifu, kwamba mtu atufundishaye kujua asili ya vyuma alikuwa na chuma kisicho na asili katikati ya kiwanda chake. Leo naliona kuwa ndiyo hoja yake iliyo imara kuliko zote. Hatuanzi kazi yoyote juu ya ardhi iliyo safi. Vyombo tulivyovikuta, lugha tuliyoikuta, nchi na mipaka tuliyoikuta, vingi vyake vina historia ambayo hakuna aliyeiuliza wakati wa kuuliza. Hatuwezi kuvitupa vyote tukafua hewani. Twaweza lakini kuikubali deni hiyo kwa jina lake, na kutoiongeza.

Basi mwanafunzi atakaye kufua kisu chake cha kwanza nampa shauri hili. Tafuta springi ya gari moja, uinunue kwa mtu umjuaye. Iulize imebeba nini na miaka mingapi. Ikate vipande vingi kuliko uvitakavyo, uviharibu vingine kwa makusudi, ukitazama. Usizamishe katika maji kile kitakacho mafuta, hata kama mlio wake utakusifu. Na kisu kitakapokuwa tayari, kabla ya kumpa mtu umpendaye, kipige juu ya gogo kavu mara kumi kwa nguvu zako zote, mkono wako mwenyewe ukiwa ndio ulio hatarini. Kikivunjika, utajua ni nani aliyekosea.